Mtani Aliyeupeleka Utani Ofisini

Siku tuliyomzika mama yangu, kule kwetu Kisarawe, mtu mmoja aliingia kaburini kabla yake, akajilaza chali, akafumba macho, akasema hatoki.

Jeneza lilikuwa limeshafika. Wazee wamesimama, mwalimu wa chuo anasubiri, jua la mchana linawaka. Mimi nimeshika jeneza upande wa mbele na machozi yananitoka. Na bwana huyu yumo shimoni, amepanga mikono kifuani kama maiti wa kweli.

"Toka huko," mjomba wangu akamwambia.

"Sitoki. Humu pamepoa. Nimechimba peke yangu, nyinyi Wazaramo mmekaa kivulini mnapiga soga. Tafuteni shimo lingine."

"Utapewa haki yako, toka."

"Nipewe kwanza. Nyinyi nawajua. Mkishazika mnakimbilia ngoma."

Wanaume wakaanza kucheka, mmoja mmoja, kwa aibu, kisha wote. Mjomba akamtupia senti zake. Akainuka, akajipangusa udongo, na uso wake ukabadilika pale pale. Akashika ncha ya shuka lililotandwa juu ya kaburi wakati mama anateremshwa, na hakuilegeza mpaka ubao wa mwisho ulipowekwa. Tuliporudi nyumbani alijifunga kanga ya mama kiunoni, akaingia uani kwa wanawake akitembea kwa kuchechemea kama mama alivyokuwa, akanigombeza kwa sauti yake kwamba nimekonda kwa sababu nimeoa mwanamke asiyejua kukuna nazi. Shangazi yangu, aliyekuwa amelia tangu asubuhi mpaka sauti imekwisha, alicheka akakaa chini. Mke wangu naye alicheka. Mimi nikacheka, siku ya kumzika mama yangu, na nilipocheka ndipo nilipoweza kupumua.

Mtu huyo ndiye aliyenitoa kazini. Ndiye ninayetaka kumwandika.

Mimi si mtu wa kalamu. Chuoni niliishia juzuu chache, na shule ya serikali nilikaa mwaka mmoja, nikaona mwalimu ananichapa kwa mambo ambayo hata yeye hayajui vizuri, nikaondoka. Lakini nyumba hii ya mabati hapa Gwata nimeijenga kwa mikono yangu. Mikorosho hii nimeipanda mimi. Sikurithi hata jembe. Kwa hiyo asinifundishe mtu namna ya kusema ninachokijua.

Nina mjukuu anakaa mahali panapoitwa Picha ya Ndege. Kila alfajiri anakwenda mjini, kwenye kampuni ya wageni yenye ofisi nchi nyingi. Alikuja Idi iliyopita, baada ya kula akaniambia wamepelekwa semina, wakafundishwa kwamba wafanyakazi wakielewana na wakubwa wao kazi inakwenda, na wasipoelewana kampuni inaanguka hata ikiwa na mashine nzuri kiasi gani. Nikamwuliza, "Na hilo mmelipia?" Akasema kampuni ndiyo imelipa. Nikamwambia basi kampuni imeibiwa, wangekuja hapa Gwata ningewaambia kwa kikombe cha chai. Akacheka. Alidhani natania. Mimi nilikuwa nakumbuka.

Nilikuwa mnyapara mkuu wa shamba la mkonge upande wa Mlandizi, miaka ile baada ya vita kuu ya pili, Mwingereza bado anatawala. Nilianza kama mkataji wa kawaida, nikawa mnyapara wa kundi, nikawa mkuu wa wanyapara wote. Nilivaa filimbi shingoni, na nilipoipiga shamba zima liliinama. Wenye shamba walikuwa Ulaya. Hatukuwahi kuwaona. Walikuwa na mashamba mengine Tanga, na Kenya, na nchi nyingine ambazo sisi tulisikia majina tu. Kwetu wao walikuwa neno moja: kampuni. Kampuni imesema. Kampuni haitaki. Kama vile mtu anavyosema mvua imekataa.

Wakataji walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na sisi wa hapa, Wazaramo na Wakwere, tuliokuja asubuhi na kurudi makwetu. Na kulikuwa na manamba, watu wa bara walioletwa kwa mkataba na treni, wengi wao Wanyamwezi, waliokaa kambini. Sasa sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Utani huu ni wa tangu misafara, wao walipokuwa wanashuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakifia njiani, na sisi tukiwazika, na sisi tukifa nao wakituzika. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako ukimwona, na huna la kusema. Anaweza kukuambia ukweli ambao ndugu yako hathubutu. Wewe ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Na ukifa, yeye ndiye anayechimba.

Yeye alishuka kwenye treni siku moja na wenzake, mwembamba, kichwani amevaa pama kuukuu lenye ukingo mpana, ambalo alisema alipewa na padri, na siku nyingine alisema amemwibia padri. Alipoambiwa mimi ni Mzaramo, hakunipa hata salamu.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Mtumwa wangu. Babu yangu aliniambia alikuacha huku pwani umlindie nazi zake."

"Babu yako alipita hapa na mzigo kichwani kama punda," nikamwambia. "Na wewe naona umekuja kuufuata."

"Nimekuja kubeba, ndiyo. Mzaramo atabeba nini? Hata nazi mnasubiri idondoke. Siku nikifa utanibeba wewe, na kwa uvivu wako utaniburuta."

Tukawa ndugu tangu siku hiyo. Nilimfundisha kukata: unaanzia majani ya chini, unayaacha ya katikati, unakata ule mwiba wa nchani kabla haujakutoboa jicho. Nilimwonyesha msikiti aliposilimu. Mtoto wangu wa pili alipoumwa, yeye ndiye aliyempakata kwenye treni mpaka hospitali ya mjini, kwa sababu mimi nilikuwa zamu.

Kazi ya siku ilipimwa kwa mita, yaani majani yaliyofungwa mafungu na kupangwa kando ya reli ndogo. Hapo ndipo watu walipogombana. Huyu anasema amemaliza, mnyapara anasema fungu lako ni dogo. Huyu anasema mwenzangu ameniibia fungu. Mkononi kila mtu ana panga. Fikiria mwenyewe.

Mimi nilifanya hivi. Nilipanga kundi la Wazaramo mstari huu na kundi la Wanyamwezi mstari wa pili, wakiangaliana. Wakianza kukata wanaanza kutukanana. Mstari mmoja ukisema, mwingine unajibu, na aliyepungukiwa maneno anatafuta ushindi kwa kukata majani mengi zaidi. Jua likipanda huwasikii wakilalamika, unawasikia wakicheka. Mtu akidanganya kwenye mita, sikumpeleka ofisini. Nilimwita mtani wake, nikamwonyesha fungu, basi. Mtani analiinua juu watu wote walione, anasema, "Jamani, huyu mke wake akimpikia wali kiasi hiki anamrudisha kwao." Kesho yake lile fungu limenona. Na watu wawili wakigombana mpaka wamenuniana, watani wao ndio waliowaweka katikati, wakawacheka mpaka wakapatana. Tangu nishike filimbi ile, panga halikugusa mtu.

Meneja wa kwanza alikuwa Mzungu mtu mzima, amekaa nchi hii mpaka ngozi imekuwa kama ya kwetu. Siku moja alisimama akasikiliza zile kelele, akaniuliza, "Wanagombana?"

"Hapana, bwana. Wanafanya kazi."

Akasikiliza tena. "Mimi sielewi," akasema, "lakini singa zinatoka." Akaenda zake. Na kweli zilitoka. Mashine ya korona, ile inayokamua majani ikatoa singa, yaani nyuzi zenyewe, haikuwahi kusimama kwa kukosa majani. Wageni wa kampuni walipokuja walisema katika mashamba yao yote, hili halina taabu ya watu. Walimpa mkono yule mzee. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na filimbi yangu.

Alipostaafu alituita wote mbele ya ofisi. Akaniwekea mkono begani, akasema kwa Kiswahili chake, "Huyu mkuu yenu mpaka achoke mwenyewe. Mimi nimesema." Watu wakapiga makofi. Akakaa na meneja mpya siku chache, wakitembea wawili wakizungumza Kiingereza, kisha akapanda meli. Nilijua amemwambia. Mtu hawezi kukabidhi shamba asiseme linavyolimwa. Baadaye nikaja kuambiwa na karani kwamba alimkabidhi mashine, reli, majengo na ng'ombe wa maziwa. Kuhusu watu alisema mambo ni mazuri.

Meneja mpya alikuwa kijana, msafi, ametoka shamba la kampuni la nchi nyingine. Hakumpiga mtu. Hilo lazima niliseme, kwa sababu watu wakisikia habari za wakoloni wanangoja kiboko. Huyu hakuwa na kiboko. Alikuwa na kanuni. Kampuni imetaka mashamba yake yote, nchi zote, yaendeshwe namna moja. Kila kabila na sehemu yake ya shamba, wasichanganyike. Kelele kazini marufuku. Matusi marufuku. Na mtu mwenye malalamiko asiyamalize porini, ayalete ofisini siku ya Jumamosi, meneja atasikiliza mwenyewe kupitia karani.

Nilimfuata. Nikamwambia kwa heshima kwamba wale hawatukanani, ni watani. Karani akatafsiri. Meneja akafikiri, akasema neno, karani akanigeukia: "Anauliza, maneno wanayoambiana ni mazuri?"

"Ni mabaya sana," nikasema. "Ndiyo uzuri wake."

Karani alinitazama, akatafsiri alivyoweza. Meneja akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto.

Niliacha mistari iangaliane kwa siri, upande wa bondeni ambako meneja hakufika sana. Kosa langu lilikuwa hilo kwake; kwangu halikuwa kosa, na sijutii. Majani yalikuwa yanakuja.

Sasa siku moja mtani wangu alichelewa. Nikamsubiri mwisho wa mstari, alipopita nikamvua lile pama nikalivaa mimi, juu ya kofia yangu. Nikaanza kutembea kama yeye, magoti nje, kama mtu mwenye mzigo. Watu hoi.

"Rudisha pama langu, mtumwa," akasema.

"Hulipati. Leo nakuzika kwenye shimo la makapi ya mkonge, bila sanda, na mkeo namrithi. Filimbi hii itapigwa kwenye arobaini yako."

"Mke wangu hali muhogo mkavu, utamweza?"

Watu wakaangua kicheko. Tulipogeuka, meneja amesimama juu ya tuta na karani wake. Alikuwa amekuja kwa miguu. Akamwuliza karani nimesema nini. Karani akamwambia, neno kwa neno, maana ndiyo kazi yake.

Kesi ikawekwa Jumamosi. Nimetishia kuua, nimemnyang'anya mfanyakazi mali yake, nimemtukania mke. Kilichokuwa kinapimwa ni ile filimbi, mimi kubaki nayo au kuiacha. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Shahidi aliyeitwa alikuwa mmoja, naye ni mtani wangu. Ijumaa jioni alikuja kwangu kama kawaida. Mke wangu alipika wali wa nazi na kunde. Alikula, akasema wali una mawe, kwamba Wazaramo tunapika mchele na barabara yake. Mke wangu akamwambia arudishe alichokula. Akaondoka amevaa pama lake. Mlangoni alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akasema, "Haya, mtani," akaenda.

Ofisini walinisimamisha upande mmoja, yeye upande wa pili, pama lake limewekwa mezani mbele ya meneja. Karani akauliza, "Mnyapara mkuu alisema atakuzika?"

"Alisema."

"Alichukua kofia yako?"

"Alichukua."

"Ulimruhusu?"

"Hapana."

Mpaka hapo yote ni kweli. Meneja akamwambia karani jambo. Karani akauliza pole pole, "Bwana anauliza, ilikuwa mchezo?"

Mtani wangu akatazama lile pama. "Si mchezo," akasema. "Mimi namwogopa mtu huyu. Siku zote namwogopa."

Nikacheka.

Nilicheka kwa sauti, ofisini, mbele ya meneja. Kwa sababu mimi nilidhani huo ndio utani wenyewe. Nilidhani ameuleta mpaka mezani kwa Mzungu, utani mkubwa kuliko wote tuliowahi kutaniana, kwamba sasa hivi atashindwa kujizuia, atacheka, na sisi wawili tutamweleza karani, karani atamweleza meneja, na jambo litasimuliwa kambini mpaka tuzeeke. Nikasema, "Haya, mtumwa, umeshinda. Waambie sasa." Hakunitazama. Nikamsubiri. Karani akaacha kuandika, naye akasubiri. Nikaona shingo ya mtani wangu inatoka jasho, na pale nikajua, lakini kicheko kilikuwa bado kimo usoni mwangu, sikujua pa kukipeleka.

Meneja akasema, na karani akatafsiri: "Anasema hata sasa unamdharau."

Niliambiwa nimevuliwa unyapara, ila kwa huruma ya kampuni naweza kurudi kukata. Nikavua filimbi, nikaiweka mezani karibu na pama. Nikasema, "Mimi nimekata mkonge wa kutosha." Nikatoka. Nikasimama nje chini ya kile kipande cha reli kilichogongwa kama kengele, bado namsubiri atoke acheke. Alipotoka alikuwa na pama kichwani na filimbi shingoni, akapita upande wa pili wa jengo.

Sasa nitasema yaliyofuata, na nayasema kwa sababu niliyaona kwa macho, maana mke wangu aliuza maandazi pale njia panda ya shamba kwa miaka iliyofuata na mimi nilianza kulima jirani.

Wanyamwezi wazee wa kambi hawakumpiga. Walimwita shaurini, wakamwuliza kama ni kweli amepeleka utani ofisini. Akasema ni kweli. Basi wakamtolea hukumu mbaya kuliko kipigo: wakamheshimu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtukana. Wazaramo wakamwita Bwana Mnyapara. Waliotaniana naye tangu anashuka treni wakamwamkia shikamoo, na wengine walimzidi umri. Akipita, mstari unanyamaza. Akisema neno la kuchekesha, wanaitikia, "Ndiyo, bwana." Mtu aliyeshtaki mtani nani atacheza naye? Kesho ukimwambia ana kichwa kikubwa, Jumamosi uko mezani.

Kazi ikafanyika kimya, kama meneja alivyotaka. Kimya kile kilikuwa kizito. Mtu aliyeibiwa fungu hakuwa na mtani wa kumsemea. Aliliweka jambo moyoni, kesho akaongeza lingine. Jumamosi ofisini msururu ukawa mrefu, kila mtu anamshtaki mwenzake, kwa sababu walishaona anayeshtaki hupanda cheo. Haukupita msimu, Mluguru mmoja wa manamba akamkata Mnyamwezi bega kwa fungu la majani ambalo zamani lingeisha kwa kicheko. Manamba walipomaliza mikataba hawakuandikisha tena. Walipanda treni wakashuka mashamba mengine. Wageni walioletwa walikaa kidogo wakaondoka. Korona ikawa inasimama mchana kweupe, mashine nzima, hakuna jani. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo mkonge una bei, wenzao wote wanatajirika.

Kampuni ikaleta king'ora badala ya kile kipande cha reli. Ikaleta mapanga mapya. Ikaleta Wazungu wawili waliotembea na meneja shamba zima wakipima upana wa mistari. Walipima kila kitu. Watu walikuwa wamesimama pale pale mbele yao, hawakuulizwa. Mwisho kampuni ikaliuza shamba kwa Mhindi mmoja ambaye naye lilimshinda, nyika ikapanda mpaka kwenye reli. Yule meneja kijana, nasikia, alipewa shamba kubwa zaidi huko nchi nyingine. Watu wa hapa, alisema, ni wavivu.

Nilikutana na mtani wangu mara moja tu katika miaka hiyo. Ilikuwa stesheni ya Mlandizi, ananunua tumbaku. Amekonda tena kama siku ile aliposhuka.

"Mtani," akasema.

"Usiniite hivyo."

Akafunga tumbaku yake kwenye karatasi. Halafu akasema, "Meneja aliniita Ijumaa asubuhi. Aliniambia nikisema ni mchezo basi sisi wawili ni waongo, tunaondoka wote. Nikisema si mchezo, filimbi yangu. Ungefanya nini?"

"Ningefukuzwa na wewe," nikamwambia. "Tungecheka njia nzima mpaka Gwata."

"Mimi sina Gwata. Nyumbani kwangu ni safari ya treni."

"Ijumaa asubuhi," nikasema. "Na jioni ukaja ukala."

Akageuka na tumbaku yake, akaenda zake. Hilo la kuja kula ndilo lisilonitoka. Kazi ni kazi, mtu anaweza kukunyima kazi kwa hofu, nimeona wengi. Lakini alikuja akakaa kwenye mkeka wangu, akasema wali una mawe, mke wangu akacheka, na neno alikuwa nalo tumboni pamoja na wali.

Alikufa kwa kifua, shamba likiwa linauzwa, kambi imebaki na watu wachache waliokosa nauli. Aliyekuwa mpishi wa kambi ndiye aliyekuja Gwata, mtu wa makamo, akanikuta napalilia mikorosho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mnyapara amefariki. Hana ndugu huku. Tumesema tukuambie wewe kwanza."

"Kwa nini mimi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Nani mwingine atamchimbia?" akasema.

Nikaendelea kupalilia. Mke wangu alikuwa amesikia, akatoka na maji ya kunawa, akayaweka miguuni pangu.

"Siendi," nikamwambia.

"Maiti haina kesi," akasema. "Alimpakata mtoto wako. Nawa uende."

Nikaenda. Nilichimba mwenyewe, sikumpa mtu jembe, na udongo wa kule ni mgumu wakati wa kiangazi. Nilimwosha pamoja na mpishi. Kwenye chumba chake, ukutani, lile pama lilikuwa limetundikwa msumarini, na filimbi chini yake. Kila mtu mle ndani alilitazama pama kisha akanitazama mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa haki yangu: kulivaa, kutembea magoti nje, kusema kwa sauti yake. Walikuwa wananingojea. Watu wale wachache waliochoka, waliokaa kimya miaka yote ile kwa sababu yake, walikuwa wanataka kucheka mara moja kabla hajafukiwa.

Nililiacha msumarini.

Tulimbeba. Alikuwa mwepesi. Pale kaburini wakasimama kidogo kabla ya kumshusha, wakaniachia nafasi niingie nilale kama alivyolala yeye kwenye kaburi la mama yangu. Mpishi hata alikuwa ameshika senti tayari mkononi. Na neno lilikuwepo, limekaa kwenye ulimi lenyewe, sikulitafuta: Mnyamwezi, umebeba mizigo ya watu maisha yako yote, leo umebebwa na Mzaramo, na hakukuburuta. Ningelisema, wangecheka mpaka walie, na yeye angekuwa amezikwa na mtani wake.

Niliingia shimoni kwa kazi tu. Nikampokea, nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikafungua vifundo vya sanda, nikatoka. Tukafukia. Mpishi alinisogezea zile senti, nikarudisha mkono wake. Tukarudi mpaka njia panda, kila mtu akashika njia yake.

Nilimzika kama mtu anavyomzika mpita njia. Lile neno ninalo bado.